Kuona Virusi Ndani ya Seli Iliyo Hai

Kirusi kimoja cha UKIMWI kina upana wa nanomita 100 hivi. Virusi 10,000 vikipangwa bega kwa bega hufikia milimita 1. Hadubini ya kawaida ya maabara haiwezi kukionyesha, na kosa haliko kwenye ubora wa kioo chake. Mwanga husafiri kwa mawimbi, na mawimbi ya mwanga unaoonekana kwa macho yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700. Vitu viwili vilivyoachana kwa chini ya nanomita 200 hivi huonekana kama doa moja, hata lenzi iwe bora kiasi gani. Hadubini ya elektroni, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930, iliruka kikwazo hicho na kuwapa watu sura halisi ya virusi. Lakini sampuli yake hukaushwa au kugandishwa na kuwekwa mahali pasipo hewa, kwa hiyo seli inayofika hapo imekwisha kufa. Picha hutoka nzuri mno, ila ni picha ya jambo lililokwisha kutokea.

Maambukizi ni mwenendo. Kirusi hugusa utando wa seli, huingia, hufungua ganda lake, huiteka mitambo ya seli ili kijinakili, kisha nakala zake hutoka na kutafuta seli nyingine. Kuyafuata hayo yakiwa yanatendeka kunahitaji seli hai na chombo kisichoiua. Chombo hicho ni hadubini ya fluoresensi. Habari yake inawahusu watu wa Kigoma kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu virusi vilivyo jamaa wa karibu wa vile vya UKIMWI huishi katika miili ya baadhi ya sokwe wa Gombe, mwendo mfupi wa boti kaskazini ya mwalo wa Kibirizi.

Fluoresensi ni tabia ya baadhi ya vitu kupokea mwanga wa rangi moja na kutoa mwanga wa rangi nyingine. George Stokes, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliieleza mwaka 1852. Molekuli hupokea mwanga wenye nguvu nyingi, tuseme wa buluu, hupoteza sehemu ndogo ya nguvu hiyo, kisha huachia iliyobaki ikiwa mwanga wenye nguvu pungufu, tuseme wa kijani. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo mtaji wote wa hadubini hii. Taa ya LED au leza huangaza sampuli kwa buluu; chujio lililo mbele ya kamera huzuia buluu yote isipite na kuachia kijani peke yake. Chochote kisichong'aa hubaki cheusi.

Mkazi wa Katubuka mjini Kigoma akiteremka ufukweni usiku usio na mwezi, hauoni mtumbwi wa wavuvi wa dagaa ulio mbali ziwani wala watu waliomo. Taa yao anaiona, na akiitazama kwa muda atajua mtumbwi unaelekea wapi. Kirusi kilichotiwa rangi ing'aayo huonekana kwa namna hiyo hiyo. Umbo lake bado limefichika, maana sheria ya mawimbi haikufutwa. Kinachofika machoni ni nuru yake, nayo inatosha kueleza kwamba kipo, kiko wapi na kinakwenda wapi.

Rangi hizo zilianza kutumika kwa msaada wa kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua adui mmoja na kumshika. Mwaka 1941 Albert Coons wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walionyesha kwamba kingamwili inaweza kufungwa rangi ing'aayo bila kupoteza uwezo wake wa kushika. Mwaka 1958 Goldwasser na Kissling, huko Marekani, waliitumia njia hiyo kutambua kichaa cha mbwa. Ubongo wa mnyama aliyekufa hupakwa kwenye kioo, hutumbukizwa katika asetoni baridi, humiminiwa kingamwili zenye rangi, kisha husuuzwa. Virusi vikiwepo, kioo huonyesha chembe za kijani kikali zilizotapakaa gizani. Kipimo hicho kimekuwa mizani ya kupimia vipimo vingine vya kichaa cha mbwa hadi leo.

Tanzania imechangia sura moja muhimu katika habari hiyo. Hadubini ya fluoresensi ni ghali, na taa za zebaki zilizotumika zamani hazikudumu muda mrefu. Watafiti waliokuwa wakichunguza kichaa cha mbwa Serengeti walijaribu kipimo kingine, chenye kutumia kingamwili pia, ila kinachoonyesha virusi kwa rangi nyekundu chini ya hadubini ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikwenda sambamba na yale ya fluoresensi. Kwa kituo cha wilaya kinachotaka kujua kama mbwa aliyemng'ata mtoto alikuwa na kichaa, kipimo cha namna hiyo kinafaa zaidi, na hakuna sababu ya kukiona duni.

Mahali ambapo fluoresensi haina mbadala ni kwenye seli hai. Kingamwili ni molekuli kubwa isiyopenya utando wa seli nzima, na asetoni inayotoboa utando huo ndiyo inayoiua seli. Kwa muda mrefu wataalamu walilazimika kuchukua visahani vingi vya seli zilizoambukizwa, kuua kimoja baada ya saa 2, kingine baada ya saa 4, kingine baada ya saa 8, kisha kukisia yaliyotokea katikati.

Ufumbuzi ulitoka baharini. Osamu Shimomura, mkemia Mjapani, aliwakusanya yavuyavu wapatao 10,000 katika pwani ya jimbo la Washington, Marekani, kiangazi cha mwaka 1961, akitafuta kitu kinachowafanya watoe mwanga. Katika kazi hiyo alipata protini inayong'aa kijani ikimulikwa kwa mwanga wa buluu au wa urujuani. Protini hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama GFP, ni mnyororo wa asidi amino 238. Douglas Prasher alitenga jeni yake na kuichapisha mwaka 1992, na mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba bakteria na minyoo wadogo wakipewa jeni hiyo wanang'aa wenyewe, bila kuongezewa kitu kingine chochote kutoka kwa yavuyavu. Roger Tsien aliibadilisha protini hiyo hadi ikang'aa kwa nguvu zaidi na kwa rangi zaidi ya moja. Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Prasher hakuwemo, kwani tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu 3, ingawa bila jeni aliyoitenga kazi za wenzake zisingekwenda.

Tangu hapo seli inaweza kutengeneza taa yake yenyewe. Njia iliyo nyepesi kueleweka ni kuiingiza jeni ya GFP ndani ya kirusi. Kirusi hicho kikivamia seli, seli hutengeneza protini zake pamoja na GFP, na kwa saa chache giza la kisahani huanza kupata madoa ya kijani. Chikungunya ni mfano wa karibu. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanzania. Siku hizo virusi vilitafutwa kwa kudunga damu ya mgonjwa kwenye panya wachanga na kungoja waugue. Nusu karne baadaye, mwaka 2004, chikungunya ilizuka Lamu, ikafika Mombasa, ikavuka kwenda visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 2006 ikaenea kwa kasi katika kisiwa cha Réunion. Mwaka huohuo watafiti nchini Marekani waliunda upya kirusi kilichotoka Réunion wakakitia jeni ya GFP, kisha wakawaambukiza mbu. Waliweza kuona ni viungo gani vya mbu vimeingiliwa kwa kutazama tu sehemu zinazong'aa. Walijifunza pia kwamba mahali jeni inapopachikwa pana uzito: ikipachikwa pabaya, kirusi huwa dhaifu au huitupa kadiri kinavyojinakili.

Njia ya pili ina ustadi zaidi, nayo ni kuacha kirusi kilivyo na kuipa seli taa. Virusi vya UKIMWI hutengeneza protini iitwayo Tat, ambayo kazi yake ni kuziamsha jeni za virusi. Wataalamu walichukua kipande cha vinasaba vya virusi kinachoitika wito wa Tat, wakakiunganisha na jeni ya GFP, na kuviweka vyote viwili ndani ya seli za binadamu zinazokuzwa maabara. Seli hizo huishi na kugawanyika bila kung'aa. Kirusi kikiingia na kutoa Tat, jeni ya GFP huamka. Aina moja ya seli hizo, CEM-GFP, ilielezwa mwaka 1997, na kwa seli za namna hiyo mtaalamu anaweza kuhesabu seli zilizoambukizwa kila siku bila kuzigusa. Akitia dawa na seli zikabaki nyeusi, dawa imezuia kitu. Zikang'aa licha ya dawa, huenda kirusi hicho kimekwisha kuwa sugu.

Hapo ndipo Gombe inapoingia. Utafiti wa sokwe wa Gombe ulianza Julai 1960 alipofika mtafiti Jane Goodall, na wanyama wengi hufuatiliwa kwa jina tangu utotoni hadi kifo. Kuwachoma sindano ili kupata damu hakukubaliki, kwa hiyo wafanyakazi wa utafiti hupita msituni kwa miguu, huokota kinyesi cha sokwe anayejulikana, hukitia katika chupa yenye dawa ya kuhifadhi, huandika jina na tarehe, na sampuli husafirishwa kwenda maabara. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2002 ilitangazwa kwamba sokwe dume mmoja wa Gombe ana virusi vya SIV, jamaa wa virusi vya UKIMWI (VVU). Baadaye virusi hivyo vilionekana katika makundi yote matatu ya hifadhi: Kasekela, Mitumba na Kalande.

Wakati huo wanasayansi wengi waliamini kwamba SIV haiwadhuru sokwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioongozwa na timu ya mtaalamu wa virusi Beatrice Hahn pamoja na watafiti wa Gombe, uliivunja imani hiyo. Sokwe wenye SIV walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule wasio nayo. Majike walioambukizwa walizaa kwa nadra, na watoto wao walikufa kwa wingi zaidi. Jike mmoja aliyefariki ndani ya miaka 3 tangu aambukizwe alikutwa na dalili za mwisho za UKIMWI katika viungo vyake vya kinga. Taarifa hiyo ilisomwa kutoka kwenye wengu na tezi za wanyama waliokwisha kufa, kwa kutumia kingamwili na vipimo vya vinasaba.

Kilichobaki ni swali la seli: virusi hivyo huingiaje, na je, vinaweza kuingia katika seli za binadamu? Hapo sampuli iliyokufa haisemi. Mwaka 2007 kundi hilohilo la maabara lilisoma vipande vya vinasaba vya virusi kutoka kwenye kinyesi, likaviunganisha kama ilivyopaswa kuwa, na kupata virusi kamili vyenye uwezo wa kuambukiza, vikiwemo vya Gombe. Jambo hilo linastaajabisha kila likifikiriwa: kinyesi kilichookotwa msituni kimetoa virusi vinavyofanya kazi, bila tone la damu. Virusi hivyo viliingia katika seli nyeupe zenye alama ya CD4, za sokwe na za binadamu pia, na vilijinakili humo.

Hata hivyo hofu isizidi kiasi. VVU vilivyoenea duniani vilitokana na virusi vya sokwe wa kusini mwa Kameruni, na SIV ya sokwe wa mashariki, wakiwemo wa Gombe, haijapatikana ikiishi kwa binadamu. Seli ya maabara huonyesha kwamba mlango upo. Haionyeshi kwamba kuna aliyepita.

Seli hizo za maabara hufugwa kwa uangalifu mkubwa. Kisahani huwekwa ndani ya kisanduku chenye joto la nyuzi 37 na hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, hapohapo juu ya hadubini, na kamera hupiga picha kila baada ya dakika kadhaa, usiku na mchana. Mwanzoni hakuna kinachoonekana. Kisha seli moja huanza kuwa ya kijani hafifu, ikikolea polepole. Kwa virusi vya jamii ya VVU, wakati mwingine seli yenye maambukizi huvuta jirani zake na kuungana nazo, utando kwa utando, hadi kuwa bonge kubwa lenye viini vingi linalong'aa lote. Anayetazama hahitaji kuambiwa ni wapi maambukizi yalianzia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi wakafuata kirusi kimojakimoja. Mwaka 2003 timu ya Xiaowei Zhuang wa Harvard ilipaka virusi vya mafua rangi nyingi kiasi kwamba chembe za rangi zilizibana zenyewe na kupunguza mng'ao. Kirusi kilipounganisha utando wake na utando wa ndani ya seli, rangi ilitawanyika na mng'ao ukapanda ghafla, kwa hiyo dakika yenyewe ya kuungana ilinaswa. Picha zilionyesha kirusi kikijikokota karibu na ukingo wa seli, halafu kikichukuliwa kwa kasi kuelekea kwenye kiini na protini ambayo kazi yake ya kila siku ni kubeba mizigo ya seli. Mwaka 2008 watafiti wa New York waliitazama VVU ikijengwa: chembe za protini zenye GFP zilikusanyika chini ya utando, na kirusi kimoja mara nyingi kilikamilika kwa dakika 5 au 6.

Kisha kuna ganda la VVU. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba ganda hilo husambaratika mara tu kirusi kinapoingia, mbali na kiini cha seli. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliolitia ganda GFP walilifuata katika seli hai na kuona linaingia ndani ya kiini likiwa zima au karibu zima, na kufunguka karibu na pale vinasaba vyake vitakapojipachika. Kosa la miaka mingi lilisahihishwa kwa kutazama. Dawa ya lenacapavir, inayoshambulia ganda hilo, ilibuniwa kwa njia nyingine, lakini picha hizo zinasaidia kueleza kwa nini ganda ni shabaha nzuri: kirusi kinalihitaji karibu safari nzima. Katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, matokeo yake yakatolewa mwaka 2024, wanawake 2,134 walipewa sindano ya dawa hiyo kila baada ya miezi 6, na hakuna hata mmoja wao aliyepata VVU.

Njia hii ina mitego yake. Mwanga wenyewe ni sumu: seli ikimulikwa kupita kiasi hudhoofika, na mtazamaji asiye makini anaweza kudhani kirusi ndicho kilichoiua. Rangi huchoka na kufifia. Baadhi ya seli hung'aa kidogo kwa asili yake, hasa zikianza kufa, kwa hiyo kila jaribio lazima liwe na kisahani kisichoambukizwa kando, kimulikwe sawasawa na kile kingine. Kisahani hicho kikikosekana, picha za kijani hazithibitishi chochote, hata zipendeze vipi. Usalama nao una gharama zake: virusi hatari hukuzwa katika vyumba vyenye hewa inayochujwa na wafanyakazi waliofunzwa, na Ebola yenye GFP, iliyoelezwa mwaka 2005 kwa ajili ya kujaribu dawa, inaruhusiwa tu katika maabara za ulinzi wa juu kabisa. Juu ya yote, umeme ukikatika usiku mmoja, kisanduku hupoa na kazi ya wiki nzima huharibika.

Kwa sababu hizo hadubini ya seli hai ni chombo cha utafiti na cha kutafuta dawa, wala haiko kwenye foleni ya wagonjwa. Hadubini za fluoresensi zilizopo katika hospitali nyingi hutumika kutafuta vimelea vya kifua kikuu katika makohozi yaliyokaushwa juu ya kioo. Maambukizi ya VVU hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni, na majibu hutoka kabla saa moja haijaisha. Wingi wa virusi hupimwa kwa mashine za kusoma vinasaba. Mtu wa Katubuka, Ujiji au Mwandiga anayetaka kujua hali yake asingoje teknolojia nyingine ije. Aende kituo cha afya kilicho karibu naye, apime, na akikutwa na virusi aanze dawa siku hiyohiyo.